Jina la Kumi na Sita

Watu wa Temeke wanaposimulia kisa hiki hunifanya mimi mtu mwema aliyekosa bahati. Waongo. Nilikuwa na saa nzima ya kulizuia jambo lile, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi za alasiri, na saa ile niliitumia kununa.

Mimi ni Polikarpo Kihwele, Mhehe wa Iringa. Mwaka ule aliotawazwa Malkia wa Uingereza nilikuwa mnyapara wa kiwanda cha ndoo kilichokuwa kando ya Barabara ya Pugu, upande wa kwendea Kiwalani, ambako siku hizo hukuona ila mihogo na minazi. Chini yangu walikuwapo mafundi arobaini na wawili. Kila ndoo ilipita mikononi mwa watu watano: wa kukata bati, wa kulikunja, wa kugongea kitako, wa kulehemu mshono kwa risasi iliyoyeyushwa, na wa kutia mshikio. Kwa kelele za nyundo tulizoea kuzungumza kwa kupayuka, hata tukifika nyumbani, na majirani zangu wa Keko walikuwa na hakika kwamba mimi na mke wangu hatupatani.

Katika kulehemu hakuna aliyemfikia Leonardi Mapunda, Mngoni wa Songea. Ndoo aliyoiziba Leonardi ungeijaza maji ukaiweka juu ya saruji kavu kutwa nzima, na ukija kuiinua saruji ni kavu vilevile. Naye alikuwa mtani wangu.

Asiyeujua utani wa Mhehe na Mngoni nimweleze kidogo. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka waliona wamezikana mno hata hawawezi tena kuwa wageni. Sisi wajukuu tukarithi ruhusa. Naweza kumtukana Mngoni mbele ya wakwe zake, nikala chakula chake bila kukaribishwa, nikamdanganya mchana kweupe, na yeye vivyo hivyo kwangu. Mimi kwake nilikuwa mla mbwa. Yeye kwangu alikuwa mtumwa wa babu aliyetoroka na kamba. Akifa Mngoni pale Temeke, mimi ndiye niliyeshuka kaburini nikalala chali, nikakataa kutoka mpaka nipewe changu, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Ndiyo kazi ya mtani. Na sheria yake kubwa ni moja tu, kwamba anayekasirika ameshindwa.

Kwa miaka tisa hakuna aliyekubali kushindwa. Mara moja Leonardi aliniletea habari kwamba baba mkwe wangu anafika kwa gari moshi kutoka Dodoma. Nikaenda stesheni na jogoo mkononi, nikamngoja mzee yule tangu asubuhi mpaka jua kutua, kumbe yuko kwake Iringa anapalilia. Nililipiza. Karibu na Krismasi ya mwaka uliofuata nikamwambia kwamba Bwana Meneja anamwita ofisini saa mbili kamili apewe nishani ya fundi bora, na kwamba aende na koti. Akaazima koti la jirani. Akasimama mbele ya meza ya Meneja, kifua mbele, akingoja kubandikwa nishani, mpaka Mzungu wa watu akauliza huyu anataka nini na akamfukuza. Kiwanda kizima kilicheka mwezi mzima. Mwenye kucheka zaidi alikuwa Leonardi mwenyewe, akaapa kwamba mguu wake hautakanyaga tena ofisi ile kwa neno la Mhehe.

Sasa niseme juu ya mkewe, maana hapo ndipo penye uchungu. Leonardi hakuja Dar es Salaam kutafuta mali. Alimleta Margareta. Walikuwa wamezika watoto wawili huko kwao, wote wawili wakati wa kuzaliwa, kwa kuwa nyonga za mama ni nyembamba na hospitali ya misheni ilikuwa mwendo wa siku moja na nusu kwa machela. Wa pili alikufa machela ikiwa bado njiani. Mwaka ninaousimulia mimba ya tatu ilikuwa imefika miezi minane. Daktari wa hospitali ya Serikali mjini alikuwa amemwambia Leonardi, mbele ya mkalimani ili pasiwe na kutokuelewana, kwamba mtoto huyu atatolewa kwa kisu, kwamba mama asitoke mjini hata siku moja, na kwamba damu yake inapanda, kwa hiyo asifikwe na jambo la kumshtua.

Na kukaa mjini, kwa mtu mweusi wakati ule, kulitaka kazi. Askari walifanya msako wakati wowote waliotaka. Mwanamume aliyesimamishwa alitakiwa aonyeshe kipande chake cha kazi, chenye alama za mwezi ule. Asiyekuwa nacho aliitwa mhuni, akapandishwa lori na kurudishwa kwao, na hapakuwa na askari wa kumwuliza mkeo ana mimba ya miezi mingapi. Kwa Leonardi kipande kile ndicho kilichokuwa kikimweka karibu na kisu cha daktari. Alikivingirisha katika kitambaa na kukivaa shingoni, pamoja na rozari.

Jumatano moja Meneja aliniita ofisini. Alikuwapo na karani wetu, Gaudens Kamugisha, Mhaya wa Bukoba, mtu wa kola nyeupe na maneno machache, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kututafsiria. Meneja akazungumza kwa muda mrefu akitazama dirishani. Kamugisha akafupisha. Akasema kiwanda kinapangwa upya. Yale masanduku makubwa yaliyoletwa kutoka bandarini mwezi uliopita ni mashine. Mashine hiyo inalikandamiza bati mara moja tu, na linatoka ndoo, bila mshono, bila nyundo. Inahitaji watu kumi na sita. Jumamosi saa sita watu ishirini na sita watapigiwa vipande vyao mhuri wa kufunga kazi na kwenda zao.

Nilimwomba Kamugisha arudie hesabu ile. Akairudia. Nikashika ukingo wa meza ya Meneja, jambo ambalo hakuna mnyapara aliyewahi kulifanya. Niliwajua wale watu wote, na watoto wao niliwajua. Nilikuwa nikiyapita masanduku yale kila asubuhi. Nilikuwa nikiyakalia wakati wa chakula.

Meneja akaendelea. Mimi nitawachagua hao kumi na sita na kuwaambia mmoja mmoja, kwa siri, ili pasitokee fujo. Kila mmoja aende mwenyewe kwa Kamugisha akaweke dole gumba kwenye mkataba mpya. Mwisho ni Ijumaa saa kumi alasiri. Asiyefika, nafasi yake itajazwa na yeyote karani atakayemwona anafaa. Atakayetoa siri naye atoke.

Sikulala. Nilichagua kama mtu anayechagua vidole vya kukatwa. Jina la kwanza lililonijia lilikuwa la Leonardi, na sikuona haya, ingawa mashine isiyo na mshono haimhitaji mlehemu. Mishikio itatiwa na nani, nilijiambia. Alhamisi asubuhi nikamwendea yeye kabla ya wote. Nikamvuta nyuma ya tanuri la risasi, mahali ambapo kelele zinafunika maneno.

Nikamwambia, "Leonardi, nisikilize. Mashine imekuja. Watu ishirini na sita wanaachishwa kazi Jumamosi. Wewe umo katika wanaobaki. Nenda kwa Kamugisha ukaweke dole gumba kabla ya kesho saa kumi, na usimwambie mtu."

Alinitazama kwa utulivu, akapangusa jasho, akauliza, "Na koti nivae?"

Nikaapa kwa Mungu. Akanikumbusha kwamba siku ile ya koti niliapa kwa Mungu na kwa Bikira Maria, tena nikiwa nimetoka kwenye komunyo. Nikamwambia achunguze mwenyewe, masanduku yale pale. Akasema masanduku anayaona, na ameona pia kwamba Mhehe akikaa karibu na sanduku lolote hupata hadithi. Kadiri nilivyozidi kusihi ndivyo alivyozidi kufurahi. Hivyo ndivyo ulivyo utani. Mtani mzuri ndiye anayedanganya kwa macho makavu na sauti ya kutetemeka, na mimi nilikuwa mzuri, miaka tisa nilijifunza. Akanipigapiga begani, akasema safari hii nimejitahidi, akarudi kwenye kazi yake.

Wale kumi na watano wengine niliwaambia kutwa ile. Hakuna aliyecheka. Mmoja alishika mdomo, mwingine akauliza juu ya ndugu yake aliyekuwa akikata bati, nami nikamwambia aende dirishani. Mpaka jioni wote walikuwa wamepitia dirishani kwa Kamugisha, mmoja kwenda choo, mmoja kwenda kunywa maji, kwa namna hiyo. Kamugisha alinionyesha karatasi. Kulikuwa na madole gumba kumi na matano, na chini yake mstari mmoja mtupu wenye namba kumi na sita.

Kamugisha akaniuliza kwa nini nisimtume mtu mwingine, mtu asiye mtani, akamwambie Leonardi. Lilikuwa swali la akili. Nikamjibu kwamba siri ni siri, kila aliyeambiwa ameapa kunyamaza, na nikimtuma mmoja wao nitakuwa nimeivunja amri ya Meneja. Jibu hilo lilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine sikumwambia mtu mpaka leo. Nilitaka Leonardi anishukuru mimi. Miaka tisa nimemletea uongo, na mara moja nimemletea uzima wa nyumba yake. Nilitaka aupokee mkononi mwangu, ashindwe kunitania, ashindwe hata kusema. Niliutaka uso ule. Kwa hiyo sikumtuma mtu.

Ijumaa saa tisa nikamwendea mara ya mwisho. Sikuwa na maneno mapya, basi nikamshika mkono nikamvuta kuelekea ofisini. Leonardi akajitia uzito, akashika nguzo, akapaza sauti kuliko nyundo. Akawaambia wenzake waje waone, Mhehe amekosa mbwa sasa anataka kumpeleka Mngoni jikoni kwa Wazungu. Nyundo zikasimama. Watu wakacheka karakana nzima. Walicheka na wale kumi na watano waliokuwa wakijua, kwa hofu tu, ili wasijulikane, na walicheka wale ishirini na sita ambao hawakujua kwamba wanajichekea wenyewe. Nikawatazama. Mbele ya watu wale ningesema nini?

Hapo ndipo nilipokasirika. Nilimwachia mkono nikamwambia, "Basi. Utajua mwenyewe." Akawageukia wenzake akatangaza kwamba Mhehe amekasirika, Mngoni ameshinda, na wakapiga makofi.

Nikaenda stoo ya bati, nikaketi juu ya rundo, nikanuna. Ningeweza kumwita mmoja wa wale kumi na watano na kumlazimisha aseme, amri au si amri. Ningeweza kukimbia Temeke kumleta Margareta mwenyewe. Ningeweza kumlilia, maana mtani halii. Yote haya niliyafikiria baadaye. Saa ile nilifikiria tu jinsi walivyonipigia makofi. Mpaka king'ora cha saa kumi kilipolia nilikuwa bado nimekunja mikono. Nilipokwenda dirishani, Kamugisha alikuwa anakausha wino. Mstari wa kumi na sita ulikuwa na jina la Nikodemu, kijana wa kutia mishikio, aliyekuwa amepita tu kuuliza kama kuna barua yake.

Nilimsihi Kamugisha. Hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akasema karatasi ile keshaisaini Meneja, na kwamba akifuta jina moja atakuwa amefuta na lake. Nikaingia kwa Meneja bila kuitwa. Nikamwambia kwa Kiswahili changu chote kwamba naitoa nafasi yangu, nafasi ya mnyapara, apewe Leonardi Mapunda, ana mke mgonjwa. Alielewa, maana alijibu kwa Kiswahili hichohicho cha kwao, kwamba kazi si shati la kuazimana, nami nikitaka kuacha niache, nafasi yangu atampa amtakaye yeye.

Sikuacha. Na hilo pia waliseme wanaponiita mwema.

Jumamosi saa sita nyundo zilinyamazishwa. Meneja alisimama juu ya sanduku, Kamugisha chini yake na karatasi. Langoni walikuwa wamewekwa askari wanne wenye rungu. Kamugisha akasema kwamba majina atakayoyasoma yabaki upande wa kulia, wengine waende mezani na vipande vyao, kazi yao imekwisha leo. Alisema hivyo kama anavyosoma orodha ya bati. Watu hawakuelewa. Waliendelea kusimama na nyundo mikononi, wengine wakitabasamu, wakingoja sehemu iliyobaki.

Nilikuwa nikimtazama Leonardi tu. Jina la kwanza lilipoitwa alinikonyeza. Ndiyo, alinikonyeza, alidhani nimeweza kumtia hata Meneja katika mchezo wangu, na alikuwa akinipa heshima. Jina la tano, bado anatabasamu. Kwenye la tisa au la kumi akawatazama wale askari. Lilipoitwa jina la Nikodemu na Kamugisha akakunja karatasi, tabasamu la Leonardi lilibaki pale pale usoni, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuondoka. Mzee mmoja wa kukata bati aliketi chini kwa ghafla kama mtoto. Hakuna aliyepiga kelele. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kusikia kiwanda kile kikiwa kimya, na sikujua kwamba kutoka pale mtu angeweza kusikia kuku wa Kiwalani.

Mezani kila kipande kilipigwa mhuri mwekundu wa kufunga kazi. Leonardi alirudishiwa chake akakitazama mbele na nyuma. Kisha akanijia. Nilijiandaa kupigwa, na ningeshukuru.

"Ulisema kweli," aliniambia. Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni. Halafu akaniomba nitangulie Temeke. Alisema hawezi kuingia nyumbani na habari ile mdomoni. Akaniambia nimweleze Margareta taratibu, nimketishe kwanza, yeye atakuja nyuma akute limekwisha kusemwa.

Angalia ujinga wetu. Yeye aliyekuwa ametoka kuangamia kwa kupelekewa kweli na mtani, alimtuma mtani yuleyule. Na mimi niliyeona kwa macho yangu, nilikubali. Ndivyo tulivyozoea, habari ya nyumba ya Mngoni huletwa na Mhehe, hata ya msiba.

Margareta alikuwa chumbani, ameketi kwenye mkeka, miguu imevimba ameinyoosha, anakunja nguo za mtoto alizoshona kwa kitambaa cha mifuko ya unga. Nilipiga hodi kwa heshima. Hilo tu lilimfanya atabasamu, maana mimi sikuwa na desturi ya hodi kwake. Nikaketi. Nikamwuliza hali. Nikamwambia asishtuke. Nikamwambia kazini kumekuwa na mabadiliko, na Leonardi ameachishwa.

Alicheka. Alianza taratibu, kisha akashindwa, akajishika tumbo kwa mikono miwili na kuniambia ninyamaze, nitamzalisha kabla ya siku. Akasema uso niliouvaa leo hajawahi kuuona, na kwamba kama Wahehe wangepigana vita vizuri kama wanavyodanganya, Wangoni wangekwisha. Nikamwambia kweli, Margareta. Akacheka zaidi. Machozi yakaanza kunitoka, na aliponiona nalia alianguka upande kwa kicheko, akapiga mkeka kwa kiganja.

Leonardi akatokea mlangoni. Alikuwa ametembea kutoka Barabara ya Pugu mpaka Temeke akijiandaa kumkuta mkewe analia. Margareta akamnyoshea mkono, akamwambia amtazame mtani wake, amekuja hapa na machozi kabisa kumwambia kwamba mumewe kafukuzwa kazi.

Leonardi alinitazama. Nikajua atakachokifanya kabla hajakifanya. Alimtazama mkewe, ambaye kwa majuma matatu alikuwa hacheki wala halali kwa hofu ya kisu, naye akacheka. Akacheka kwa sauti, akavua kofia, akaketi karibu naye.

"Mhehe huyo," akasema. "Hata jana alitaka kunipeleka ofisini."

Nilikula nao chakula siku ile. Sijui kilikuwa nini. Aliponisindikiza, tulipofika njia panda, Leonardi alinishika shati kifuani. Aliniambia zimebaki siku kumi na moja mpaka siku aliyopewa na daktari. Siku kumi na moja ataondoka kila asubuhi na nguo zake za kazi, atarudi kila jioni, na nikithubutu kumwambia tena Margareta jambo la kweli ataniua.

Nikamwambia ashinde chumbani kwangu Keko, nimfungie kwa nje. Akakataa. Kazi haitamfuata kwenye chumba cha Mhehe, akasema. Jumatatu alikwenda bandarini, Jumanne akaenda kwenye mawe ya barabara, Jumatano akaenda kiwanda cha mafuta. Kila mahali walitaka kuona kipande, na kila walipokiona walitazama mhuri mwekundu tu. Jioni nilimkuta njiani akijipaka masizi ya chungu mikononi, ili Margareta asishangae kwa nini mikono ya fundi ni safi. Tulikuwa hatutaniani. Tulitembea kama watu wawili waliokutana kwenye foleni.

Alhamisi, muda wa kutoka kazini, niliona lori la polisi limesimama karibu na njia ya kuingilia Chang'ombe. Lilikuwa limejaa wanaume waliosimama. Nilianza kuwatazama nyuso bila kutaka, nikamwona, amevaa nguo zake za kazi zilizotobolewa na matone ya risasi ya kulehemu, ameshika ukingo wa lori. Rozari ilikuwa nje ya shati. Kile kitambaa cha kipande hakikuwapo.

Nilikimbia. Lori lilikuwa limeanza kuondoka. Leonardi hakunyosha mkono wala hakulia. Aliinama kidogo ili nimsikie.

"Mwambie, Polikarpo," alisema. Miaka tisa hakuwahi kuniita jina langu.

Nilikwenda kituoni. Sajini aliyekuwa zamu alikuwa mstaarabu, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama mtu wangu ana kazi. Nikasema alikuwa nayo mpaka Jumamosi. Akasema basi hana. Watu wa kusini wataondoka alfajiri, watapita Iringa, na akifika kwao Songea yuko huru kuomba ruhusa ya kurudi. Nikamweleza juu ya mke. Akasema hospitali haimkatazi mwanamke kujifungua kwa sababu mumewe hayupo. Nikamweleza juu ya damu inayopanda, na kwamba daktari amekataza asishtuliwe. Akanishauri, kwa nia njema kabisa, nimwambie mimi, taratibu, kwa kuwa ni rafiki wa nyumba.

Kutoka kituoni mpaka Temeke nilijaribu kila sentensi. Nilipita kwa mke wa mwenye nyumba nimwombe aandamane nami, mtu mzima, mwanamke, asiye na utani na mtu. Jirani akaniambia amekwenda arobaini ya ndugu yake Mbagala, atarudi kesho. Sikungoja mwingine. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa.

Margareta alikuwa nje, ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele kwenye ungo. Nilimsalimu. Nilichuchumaa mbele yake mpaka macho yetu yakawa sawa, sikugusa chakula, sikulia, maana machozi yangu aliyajua. Nilimweleza kwa sauti ndogo kwamba Leonardi amekamatwa na msako, kwamba kazi hana tangu Jumamosi, kwamba usiku huu analala kituoni na alfajiri anapelekwa Songea. Nilimwambia mimi na mke wangu tutampeleka hospitali leo leo, tutakaa naye, hatutamwacha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, vidole vimetulia ndani ya mchele. Kwa kitambo kidogo nilidhani ameamini. Kisha alitazama nyuma yangu, njiani, na midomo yake ikaanza kucheza.

"Mwambie atoke huko alikojificha," alisema. "Mwaliweza la Jumamosi, hili mmelizidisha."

Nikamwambia hayuko. Alikwisha kuweka ungo chini. Alinyanyuka polepole, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya bega langu kwa kujishikiza, akanipita bila haraka akaenda kwenye pembe ya nyumba. Akachungulia. Akazunguka kwa hatua za kunyata, na tumbo lile, akielekea upande wa choo. Mimi nilibaki nimechuchumaa mbele ya kigoda kitupu, nikimsikia anavyomwita mumewe kule nyuma, kwa sauti ya kucheka.